Om kwenye tisheti, Shiva nyuma ya DJ: tunajibu barua zenu

Picha za mapambo ya sherehe za trance, aina ya dansi ya elektroniki, tulizochapa mwezi uliopita zimetuletea barua nyingi, karibu zote kutoka Lubumbashi. Zinauliza juu ya zile alama za Kihindu, kama mungu Shiva na Om, ile alama ya sauti takatifu: zimetoka wapi, zinachorwaje, na je, ni halali kuzitumia kwenye sherehe. Tumechagua zile zenye kazi ndani yake, yaani barua za watu wanaochora, wanaoshona, wanaopiga muziki, na mama mmoja mwenye wasiwasi.

*Trance inatengenezwa na Wazungu na Waisraeli, lakini kila jalada lina Shiva au Om. Uhindu uliingilia wapi? — DJ, komini ya Kampemba*

Uliingilia Goa, kwenye pwani ya magharibi ya India. Goa ilikuwa koloni la Wareno hadi Desemba 1961. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1960, vijana wa Ulaya na Marekani waliokuwa wakisafiri kwa barabara hadi India walianza kuweka makazi kwenye fukwe zake, hasa Anjuna. Vijiji vya pwani hiyo vina Wakatoliki wengi, kwa hiyo Shiva hakuokotwa kwa jirani wa karibu. Wageni walikuja naye kutoka safari zao za kaskazini, kwenye mahekalu ya mto Ganga na kwa wale watawa wazururaji wanaoitwa sadhu, wenye nywele za kusokotana na mwili wa majivu.

Mwanzoni walicheza rock. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 muziki wa mashine ukachukua nafasi yake. Santuri hazikufaa ufukweni: joto huzipinda, mchanga huzikwaruza, na sanduku lake ni zito kwa msafiri. Wakapiga kaseti, baadaye DAT, yaani kaseti ndogo za kidijitali. Kwenye DAT huwezi kuvuta kasi ya wimbo ili mapigo ya nyimbo mbili yalingane. Ndiyo sababu trance ya Goa ina mianzo na miisho mirefu isiyo na ngoma, ili wimbo mmoja uingie ndani ya mwingine bila kugongana. Katika ukimya huo ndimo sauti ya tanpura, ala ya nyuzi ya Kihindi, na ya mtu anayeimba Om zilipopata pa kukaa.

Jina la kulijua ni Goa Gil, Mmarekani wa San Francisco aliyefariki mwaka 2023. Alikuwa amepokelewa rasmi kuwa sadhu, kwa hiyo kwake Shiva alikuwa mungu wa kuombwa. Baadaye lebo za London kama Dragonfly, iliyoanza 1993, na TIP, iliyoanza 1994, zilisambaza muziki huo Ulaya yote, na picha zikasafiri pamoja nao: Israeli, Ujerumani, hadi tamasha la Boom huko Ureno tangu 1997. Karibu nasi, jua lilipopatwa kikamilifu tarehe 21 Juni 2001, wapenzi wa muziki huu kutoka nchi nyingi walikusanyika Zambia kwa tamasha la Solipse, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa.

Kwa hiyo unaponakili jalada, jiulize unanakili mkono wa nani. Wapo walioishi na alama hizi na wakajua kila kidole kinasema nini, na wapo walionakili jalada la mtu aliyenakili jalada. Makosa mengi tunayoyaona kwenye afishi za hapa yanatoka kwa hao wa pili.

*Nimepewa kazi ya kuchora Shiva anayecheza, mita 3 kwa 3, aning'inie nyuma ya DJ na kung'aa gizani. Nianzie wapi? — Mchoraji, Ruashi*

Unachoombwa ni Nataraja, Shiva bwana wa ngoma. Sura yake inayojulikana duniani ilikamilishwa na mafundi wa shaba wa Kitamil wakati wa utawala wa Chola, kusini mwa India, na hekalu lake kuu liko Chidambaram. Mwaka 2004 India ilitoa sanamu yake ya mita 2 kwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko karibu na Geneva. Tafuta picha ya sanamu ya shaba ya zamani na uifuate hiyo, uachane na michoro ya afishi.

Chukua kitambaa cheusi cha pamba kisichong'aa. Kitambaa cha nailoni hurudisha mwanga wa zambarau wa taa na mchoro hufifia. Usikifue kwa sabuni ya unga, kwa sababu sabuni hizo zina dawa ya kung'arisha nguo nyeupe ambayo huwaka bluu chini ya taa ya UV, nawe utabaki na madoa yasiyofutika. Maji matupu yanatosha.

Kitundike kitambaa ukutani kabla ya kuchora. Ukikitandika chini utalazimika kumkanyaga Shiva ili ufike katikati, na kwa Mhindu mguu juu ya picha ya mungu ni tusi, hata kama mchoraji hana nia mbaya. Huna ukuta? Panga meza, au fanya kazi ukitokea pembeni bila viatu.

Funga chaki kwenye kamba ya sentimita 120 na uchore duara la upana wa mita 2 na sentimita 40. Hilo ni duara la moto. Piga mstari wima katikati. Kitovu cha Shiva kikae karibu na kitovu cha duara, na uso wake uwe juu ya mguu uliokanyaga, wote kwenye mstari huo wima. Ukiusogeza uso hata sentimita 15 pembeni, ataonekana anaanguka, na hakuna rangi itakayomwinua.

Sasa mikono minne. Kumbuka kuwa kulia kwake ni kushoto kwako unayemtazama. Mkono wa kulia wa juu umeshika damaru, ngoma ndogo yenye kiuno chembamba, na mlio wake ndio uumbaji. Mkono wa kushoto wa juu umebeba mwali wa moto, nao ni maangamizi. Mkono wa kulia wa chini umefunguliwa kiganja mbele: usiogope. Mkono wa kushoto wa chini unapita mbele ya kifua kama mkonga wa tembo na vidole vinaelekea kwenye mguu wa kushoto ulioinuliwa, ambako ndiko wokovu uliko. Mguu wa kulia umemkanyaga kibeti Apasmara, ambaye ni ujinga na usahaulifu. Wachoraji wengi humwacha kibeti kwa kukosa nafasi, na hapo ngoma inabaki haina maana: Shiva anacheza juu ya ujinga, hachezi hewani. Kama nafasi ni ndogo, punguza ndimi za moto za duara, kwani idadi yake hutofautiana kutoka sanamu hadi sanamu. Nywele hupepea pande zote mbili, zikiwa na mwezi mwandamo na umbo dogo la mungu mke Ganga. Jambo moja linalowapendeza wanaojua: hereni zake hazifanani. Sikio la kulia lina hereni ya kiume, la kushoto ya kike.

Kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote ni Nataraja aliyegeuzwa. Linatokea mtu anapotumia projekta huku picha imepinduliwa kwenye mipangilio, au anapogeuza picha kwenye simu ili ifae upande wa jukwaa. Kabla ya kugusa brashi, tazama mkono wenye damaru: uwe kushoto kwako.

Kuhusu rangi, za fluo, yaani zile zinazowaka chini ya taa ya UV, hazifuniki. Ukizipaka moja kwa moja juu ya kitambaa cheusi zinazama na kufa. Paka kwanza umbo lote kwa akriliki nyeupe isiyong'aa, acha ikauke kabisa, kisha fluo mikono miwili, yaani tabaka mbili. Kwa mchoro huu lita 1 ya nyeupe inatosha, pamoja na mililita 250 za machungwa, 250 za njano, na 100 hivi za waridi na za kijani. Maji ya kuchanganyia yasizidi sehemu moja kwa kumi, maana yakizidi rangi hutambaa ndani ya nyuzi na kingo zinakuwa na ndevu. Wakati wa kiangazi saa 1 au 2 kati ya mkono na mkono zinatosha, lakini masika subiri hadi kesho yake. Mwili mpake machungwa kwa kumbukumbu ya shaba. Bluu ya fluo ni dhaifu chini ya taa, hivyo iache kwa koo peke yake, mahali sumu aliyoinywa Shiva kuokoa ulimwengu ilipobaki. Na usichanganye fluo na ile rangi inayoendelea kuwaka baada ya taa kuzimwa. Fluo huishi na taa tu: umeme ukikatika, Shiva naye anazimika.

Taa: mirija minne ya UV ya sentimita 120, wati 36 kila mmoja, miwili kila upande, umbali wa mita 1 na nusu hadi 2, ikilenga kitambaa kwa mshazari. Za LED zikiandikwa nanomita 365 giza linabaki giza. Za 395 hutoa zambarau nyingi inayoonekana na kuosha rangi. Sasa sikiliza vizuri. Sokoni kuna mirija ya kuua vijidudu, ya nanomita 254, yenye kioo angavu kama cha dirisha. Inauzwa pia kwa jina la UV. Hiyo huunguza macho na ngozi ndani ya muda mfupi, na maumivu huanza saa kadhaa baadaye, watu wakishalala. Mrija wa mapambo una kioo cheusi au cha zambarau nzito. Kama mwenye duka hajui kutofautisha, usinunue.

Tundika ili ukingo wa chini wa duara uwe juu ya kiuno cha DJ. Spika, kreti za bia na viatu visiegemee kitambaa.

*Mtoto wangu wa kiume anavaa tisheti ya tembo mwenye mikono minne, na kwenye kanisa letu wanasema ni roho chafu. Nifanye nini? — Mama wa Katuba*

Mama, huyo tembo ni Ganesha, mwana wa Shiva na Parvati, anayeombwa kwanza kabla ya kazi yoyote kwa sababu ndiye mwondoa vizuizi. Pembe yake moja imevunjika, na chini yake huwa kuna panya, ambaye ndiye kipando chake. Mamilioni ya watu wanamheshimu kama wewe unavyoheshimu vilivyo vitakatifu kanisani kwako. Si imani yenu, na una haki ya kusema hivyo nyumbani kwako.

Lakini ujue pia Wahindu wenyewe wanavyoelewa picha. Sanamu ya hekaluni huabudiwa baada ya ibada maalumu inayoitwa prana pratishtha, ambapo makuhani huialika pumzi ya mungu iingie ndani. Picha iliyochapwa kiwandani juu ya pamba haijapita huko. Ni ishara, inastahili adabu, basi. Kwa hiyo hata kwa hesabu ya Wahindu, hakuna kilichoingia nyumbani pamoja na ile tisheti.

Tukiwa wakweli, kuna swali lingine ambalo ni lako zaidi. Katika sherehe za trance wapo wanaovuta bangi na kumtaja Shiva kama kisingizio, kwa sababu sadhu wengine humvutia moshi. Bangi ni kosa kwa sheria ya Kongo, na Wahindu wengi hawaigusi kabisa. Muulize mwanao kwa upole ni sherehe gani anakwenda, na nani, na wanarudi na usafiri gani. Majibu ya maswali hayo yatakuonyesha mengi kuliko shati.

*Tunachapa tisheti na kushona nguo za sherehe. Om inaandikwaje sawasawa, na tuiweke wapi? — Mafundi wawili, soko la Kenya*

Alama ina sehemu tano. Mikunjo miwili upande wa kushoto, mmoja juu ya mwingine, inafanya umbo kama tarakimu 3. Pale mikunjo hiyo inapokutana hutoka mkia unaokwenda kulia na kupinda. Juu kuna mwezi mwandamo uliolala chali, midomo yake juu, na nukta imekaa juu yake bila kuugusa. Mandukya Upanishad, kitabu kifupi cha aya 12, kinaifafanua sauti yenyewe: A ni hali ya kuwa macho, U ni ndoto, M ni usingizi mzito, na kimya kinachofuata ni hali ya nne. Wengi husema nukta ndiyo hiyo ya nne. Kwa hiyo nukta ikianguka wakati wa kuchonga stensili, na huanguka mara kwa mara kwa sababu ni kipande kidogo kisicho na daraja, mmepoteza kile ambacho alama yote inaelekea. Kwenye stensili iachieni daraja la milimita 2, kisha mlizibe kwa brashi baada ya kuchapa.

Makosa mengine yanatoka kwenye kompyuta. Msiandike 3 na kuivika kofia. Alama ipo kwenye herufi za Devanagari, na programu ikiwaonyesha kisanduku kitupu maana yake fonti haipo, basi ingizeni fonti au tumieni mchoro. Kwenye karatasi ya kuhamishia kwa pasi, ile ya vitambaa vyeupe hutaka picha igeuzwe kabla ya kuchapa, ile ya vitambaa vyeusi haitaki. Hapo ndipo Om za kinyume zinapozaliwa: mtu amebadili karatasi lakini hakubadili mpangilio.

Mahali: kifua, mgongo wa juu, bega, kofia, mkoba wa begani. Kamwe si kaptura, sketi, chupi, soksi, viatu, zulia wala mkeka. Katika mwili, kwa Mhindu, kichwa ndicho juu na miguu ndiyo chini, na kitakatifu hakishuki chini ya kiuno. Mkikata kikwembe chenye Om zilizotapakaa, pangeni kiolezo kabla ya kukata, maana gauni refu litazipeleka hadi pindoni. Shoneni blauzi kwa kitambaa hicho na sketi kwa rangi moja. Hivyo hivyo kwa zile shuka za manjano na machungwa zenye maandishi mengi: hayo ni majina ya mungu na sala, msizitie kwenye kiti cha sofa.

Swastika iacheni. Kwa Wahindu ni alama ya heri ya zamani sana, lakini picha za sherehe huzunguka mtandaoni hadi kwa watu wanaoiona kama bendera ya Wanazi, na hakuna maelezo ya afishi yatakayowahi kuzifikia hasira zao.

*Nataka kuweka mantra kwenye wimbo wangu wa mapigo 140. Kila nikijaribu inasikika kama imebandikwa. — Mtengeneza muziki, Bel Air*

Anza na hesabu. Kwa 140, pigo moja ni sekunde 0.43, baa ya mapigo manne ni 1.71, na baa 16 ni sekunde 27.4. Muimbaji wa mantra, yaani maneno matakatifu ya sala, hafuati gridi hiyo, anafuata pumzi yake. Ukimkatakata ili kila silabi ianguke kwenye pigo, sauti inakuwa ya mashine na maneno yanavunjika katikati. Mwache apite huru mahali ambapo hakuna ngoma, na upange silabi moja tu, ya mwisho, ianguke pale ngoma inaporudi. Sikio litaamini kwamba yote ilikuwa kwenye mdundo.

La pili ni sauti ya msingi. Tafuta noti ya besi yako, kisha utafute noti anayokalia muimbaji, ile anayorudi kila mara. Kama tofauti ni nusu toni 1 au 2, sogeza sauti yake. Ikizidi 3, sogeza wimbo wako wote badala yake, la sivyo atasikika kama katuni au kama jitu. Chini ya vyote weka tanpura: nyuzi nne, kwa kawaida Pa mara moja na Sa mara tatu, yaani noti ya tano na noti ya msingi. Hiyo ndiyo inayoziba pengo kati ya sauti ya binadamu na ya sinthesaiza. Kata kila kilicho chini ya hezi 150 kwenye sauti, na mwangwi mrefu wa sekunde 2 au 3 uuache kwenye mapumziko peke yake, kwani ukiendelea chini ya ngoma unageuka tope.

Usitumie programu ya kunyoosha noti kwenye mantra za Veda, maandiko ya kale ya Kihindu. Zinasomwa kwa toni tatu, ya katikati, ya chini na ya juu, na toni hizo ni sehemu ya neno. Programu ikizinyoosha, umefuta kile ambacho wasomaji wamekihifadhi kwa mdomo kizazi baada ya kizazi.

Na sasa, mantra ipi? Wengi hukimbilia Gayatri, kutoka Rigveda 3.62.10, kwa sababu iko kila mahali. Ina silabi 24, mistari mitatu ya nane nane, na kwa desturi mtu huipokea kwenye ibada ya kuingizwa masomoni na kuisema alfajiri, adhuhuri na magharibi. Sisi tusingeiweka juu ya besi ya saa 8 usiku. Chukua kirtan: ni uimbaji wa kuitikiana wa kundi, wenye ngoma na matoazi, na watu huucheza tangu enzi za Chaitanya huko Bengal, karne ya 16. Muziki huo tayari unataka miili isogee, na kuitikiana ni jambo ambalo ukumbi wa Lubumbashi hauhitaji kufundishwa.

Ukitaka mfano wa aya iliyotumika kwa uzito, sikiliza Navras ya Juno Reactor, iliyotoka na filamu ya The Matrix Revolutions mwaka 2003. Kwaya inaimba sala ya Brihadaranyaka Upanishad: unitoe katika yasiyo kweli hadi kwenye kweli, gizani hadi kwenye nuru, mautini hadi kwenye uzima. Sala inaubeba wimbo, na wala haikutiwa kama kiungo.

Haki: maneno ya Veda hayana mwenyewe, lakini rekodi ina mwenyewe. Njia safi ni kumlipa mtu anayejua kuimba, umweleze wimbo utapigwa wapi, umrekodi kwa simu nzuri ndani ya chumba chenye mapazia na magodoro.

*Kuna tofauti gani kati ya mandala na yantra? Nataka kutengeneza moja ya nyuzi. — Kamalondo*

Mandala ni mpangilio wowote wa duara wenye kitovu. Yantra ni mchoro wa ibada wenye vipimo vyake. Sri Yantra ina pembetatu 9, nne zikitazama juu na tano chini, zinazopishana na kuzaa pembetatu ndogo 43. Makutano yake lazima yakutane kwenye nukta moja, na kwa uzi na msumari hilo karibu haliwezekani: mstari ukikosa kwa nusu sentimita, vipembetatu vya ziada vinajitokeza.

Tengeneza mandala huru. Kwenye ubao wa sentimita 125 chora duara la upana wa sentimita 110, gawanya kwa digrii 10, upate misumari 36 yenye nafasi ya sentimita 9.6 kati yake. Funga uzi wa fluo kwenye msumari wa kwanza, ruka hadi wa 13 unaofuata, kisha wa 13 tena, mpaka urudi ulipoanzia. Utapita misumari yote bila kukata uzi, utatumia mita 36, na katikati litabaki tundu la sentimita 46. Nunua mita 50, kwa sababu uzi unaovutwa sana hukatika kwenye kona ya msumari na hautaki kuunganishwa mbele ya macho ya watu. Misumari ielekee nje kidogo, la sivyo uzi utateleza na kutoka.

*Napamba nyuso za wasichana kabla ya sherehe. Nini kinaruhusiwa kwenye paji la uso? — Golf*

Bindi, ile nukta ya kubandika katikati ya nyusi, siku hizi ni pambo la wazi, haina shida. Mistari mitatu ya majivu iliyolala ni ya wafuasi wa Shiva, na ile iliyosimama yenye umbo la U ni ya wafuasi wa Vishnu. Kuzichanganya kwenye uso mmoja ni kumvika mtu beji za nyumba mbili. Unga mwekundu kwenye njia ya nywele ni wa wanawake walioolewa, usimpake binti. Tena baadhi ya unga huo umekutwa na risasi ndani yake, na midomo iko karibu.

Usitumie majivu ya makala. Yakikutana na jasho yanakuwa makali na kuchubua ngozi. Wapo watakaokushauri pemba, udongo mweupe, lakini kwa Waluba udongo huo una kazi yake ya kiroho, na bibi fulani kwenye lango atausoma hivyo kabla ya kumkumbuka Shiva. Rangi nyeupe ya uso, ya maji, inamaliza neno. Kwa kung'aa, tumia fluo iliyotengenezwa kwa ngozi, ukaijaribu siku moja kabla kwenye kiwiko cha ndani, wala usiifikishe kwenye kope. Fluo ya ukutani, hapana kabisa. Manjano ya jikoni ikichanganywa na mafuta kidogo huwaka njano ya kijani chini ya UV, na Wahindu wenyewe hupaka manjano maharusi. Tatizo lake ni kwamba kola ya shati haitasamehewa.

*Wahindi wa mjini hawatakasirika? — Mwandaaji wa sherehe, katikati ya mji*

Kwanza, si kila Mhindi mwenye duka ni Mhindu; wengi ni Waislamu, na wapo Wajaini, Wakristo na Masingasinga. Muulize mtu unayejua ni Mhindu, umwonyeshe mchoro kabla ya kuuchapa, na umwambie pombe itakuwa wapi. Watu wengi hukubali mchoro na kukataa mahali: kaunta ya bia, mlango wa choo, sakafu.

Usidhani ni mambo madogo. Mwaka 2015 huko Yangon, Myanmar, meneja wa baa raia wa New Zealand na Waburma wawili walihukumiwa miaka miwili na nusu jela kwa tangazo la Buddha aliyevaa hedifoni. Hapa hakuna atakayekufunga kwa hilo, lakini jirani yako anaumia vilevile. Epuka pia usiku wa Mahashivaratri, kati ya Februari na Machi: Wahindu wanakesha wamefunga.

*Sherehe ikiisha, kitambaa kilichochakaa tukitupe wapi? — Mchoraji yuleyule wa Ruashi*

Wahindu huzamisha mtoni sanamu za udongo zilizomaliza kazi. Chako ni akriliki, yaani plastiki, kwa hiyo usikipeleke mto Lubumbashi, wala usikichome, moshi wake ni mbaya. Kifunike chote kwa akriliki nyeusi, lita 2 kwa mita hizo 9 za mraba, ukianzia miguuni na kumalizia usoni. Kikikauka, una kitambaa kipya cha kazi nyingine. Kabla hujakitumia, kipitishe chini ya taa ya UV: fluo iliyobaki kwenye mikunjo itajionyesha yenyewe, na hapo ndipo pa kupaka mkono wa pili.